Mwaka wa Kifaru Bila Pembe

Ujumbe wa Abdi ulikuwa mfupi, maana huyo hajawahi kuandika mrefu: "Sasa dada. Bi Nuru anafunga ofisi. Jumamosi saa saba, kwake Umoja. Mama Kanini anapika." Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka peke yangu mpaka askari wa mlangoni akanikazia macho. Kufungwa kwa ofisi kulinigusa, sitadanganya, kwa sababu pale ndipo nilipojifunza kazi, na pale pale ndipo nilipokaribia kuwaharibia watu maisha yao. Lakini kilichonichekesha ni maneno ya mwisho. Mama Kanini akipika, yeye mwenyewe ndiye hupakua. Na Mama Kanini akipakua, mimi hupakuliwa mwisho, baada ya wote, hata kama nimefika wa kwanza na nimekaa karibu na sufuria. Imekuwa hivyo tangu mwaka ule, na sijawahi kulalamika, kwa kuwa sababu yake naijua na nimeikubali.

Mambo ya ukoo wangu na nilivyolelewa siyaelezi hapa. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa Shauri Moyo mwenye miaka ishirini na minne, mdomo mkali, na cheti cha kompyuta ambacho nilikipenda kuliko kilivyostahili. Ninachotaka kueleza ni vyumba viwili vilivyokuwa juu ya kinyozi kule Umoja, mlango wa bluu, ngazi ya saruji iliyomegeka pembeni. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza tatu, kompyuta tatu, na dirisha lililotazama kamba za nguo za jirani. Cha pili kilikuwa na birika la umeme, rafu ya mbao na godoro la sala la Bi Nuru, yaani mswala wake, ambao Abdi aliuita godoro kwa kumchokoza. Mashine za kinyozi zilivuma chini yetu kutwa nzima, na maneno ya wateja wake yalipanda kwenye ngazi bila kualikwa. Nilijua nani ameongeza chumba cha kupangisha juu ya nyumba yake, nani amehama Kayole bila kumuaga mwenye nyumba, nani anataka kuoa na nani amekataliwa, na hao watu sikuwahi kuwaona hata sura.

Bi Nuru ndiye aliyekuwa mwenye ofisi. Alikuwa mama wa miaka arubaini na kitu, amefanya ukarani kwa muda mrefu kabla ya kuamua kuwa atatengeneza tovuti, wakati ambapo watu wengi mtaani bado walidhani tovuti ni kitu cha mabenki na serikali. Miwani yake ilining'inia kwa kamba shingoni na aliivaa tu alipotaka kumgombeza mtu. Wateja wetu walikuwa shule moja ya msingi, kanisa, kamati ya msikiti, wauza vitambaa wa jumla, na chuo kidogo cha wauguzi. Kazi tulifanya watatu: yeye, mimi, na Abdi, kijana wa Eastleigh ambaye wazazi wake waliingia nchini wakiwa wakimbizi na yeye akazaliwa hapahapa. Abdi alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, mpole, na mwepesi wa kuelewa mashine kuliko mimi. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kulikubali.

Wanafunzi ninaowafundisha siku hizi wakisikia tulivyokuwa tukifanya kazi wanadhani natunga. Tovuti ya mteja ilikuwa ni mafaili tu, yamewekwa ndani ya kompyuta zetu, na programu ya kuyahariri ilikuja kwenye CD yake ndani ya boksi zito ambalo Bi Nuru alilifungia kabatini. Ukiifungua, kioo kilijigawa sehemu mbili: juu misimbo, yaani amri za kompyuta, chini ukurasa kama utakavyoonekana. Ukitaka kubadilisha nambari moja ya simu, ulifungua faili, ukabadilisha, ukahifadhi, halafu ukalipandisha mtandaoni. Ukitaka kuongeza neno moja kwenye menyu, na tovuti ina kurasa arubaini, uliongeza mara arubaini, moja baada ya nyingine, mpaka macho yalie. Na kile ulichopandisha kilifunika kilichokuwepo. Mashine haikuuliza swali wala haikukumbuka. Cha zamani kilikuwa kimekwenda, basi.

Balaa ilikuwa kwamba kila kompyuta ilikuwa na nakala yake. Mwezi wa kwanza mimi na Abdi tulifutiana kazi mara tatu. Mimi napandisha ratiba ya ibada, yeye ana nakala ya juzi, anarekebisha tahajia, anapandisha, na ratiba yangu inazikwa. Tulirushiana maneno hadi vinyozi wakazima mashine zao wasikilize. Ndipo nikabuni sheria ya wanyama. Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago Shauri Moyo, na alikuwa na kapu la wanyama walioharibika ambao wateja waliwakataa. Nikachukua watano. Tembo wa sikio moja akawa wa shule, twiga wa shingo fupi wa wauza vitambaa, kobe wa kanisa, swala wa msikiti, na kifaru bila pembe, aliyevunjikia mikononi mwa mjomba siku ya kumalizwa, akawa wa chuo cha wauguzi. Wote walikaa kwenye rafu kando ya birika. Ukitaka kugusa tovuti, unamchukua mnyama wake, unamweka juu ya kompyuta yako, unaandika jina lako kwenye daftari lililoning'inia msumarini, unashusha nakala mpya kutoka mtandaoni, ndipo unaanza. Ukimaliza unapandisha, unamrudisha. Usiye na mnyama, usiguse.

Sheria ilifanya kazi vizuri, nami nikavimba kichwa. "Nani ana kobe?" ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya asubuhi. "Niko naye, menyu imenikalia vibaya." Siku moja mchungaji alipanda ngazi kuleta picha za kwaya akamkuta Bi Nuru akifoka, "Abdi, swala wa msikiti amelala kwako tangu jana, mrudishe!" Akasimama mlangoni asijue aingie au arudi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa rafu, na nilisimamia kwa kelele. Abdi aliniita askari wa mbuga. "Dada Mwikali, we ungepewa bunduki tu," aliniambia, na nikachukulia kuwa ni sifa.

Saa saba ya kila siku Mama Kanini alipanda ngazi. Alitoka Kayole alfajiri, akapikia kwenye kibanda nyuma ya stendi, halafu akapitisha chakula ofisi kwa ofisi: sufuria ya mchuzi wa nyama na viazi iliyofungwa kwa leso, na kapu la chapati chini ya kitambaa. Nyama aliinunua kwa mchinjaji Mwislamu ili sote tule chungu kimoja, na hilo hakuambiwa na mtu, alilifikiria mwenyewe. Alipakua akisimama, mwiko mkononi, huku akitupa habari za binti yake. Kanini alikuwa amemaliza shule vizuri, ameomba nafasi kwenye kile chuo cha wauguzi, mteja wetu, na mwaka uliotangulia hakuitwa. Mwaka huu alikuwa ameitwa kwenye mahojiano. "Akikosa tena, basi," Mama Kanini alisema siku moja akimwongezea Bi Nuru mchuzi. "Nimeshamwambia. Atakuja tuuze chapati pamoja. Sina nguvu ya kungoja mwaka wa tatu." Alisema akicheka, lakini sisi sote tuliacha kutafuna. Barua ya chuo ilisema siku ya mahojiano itatangazwa kwenye tovuti.

Tangazo la kwanza, nililoliweka mimi, lilisema Ijumaa. Wiki ya mahojiano yenyewe, Jumatatu, chuo kikampigia Abdi simu: siku imesogezwa nyuma, ni Jumatano. Abdi akamchukua kifaru, akaandika jina daftarini, akabadilisha, akamrudisha. Kila kitu kwa utaratibu. Jumanne asubuhi matroni wa chuo akanipigia mimi. Alikuwa anataka picha yake iondolewe ukurasa wa kwanza kwa sababu inamwonyesha kama amelala, na amenitumia nyingine. Nilikuwa na chai mkononi. Ukurasa ule ulikuwa tayari wazi kwenye kompyuta yangu tangu wiki iliyopita, ile nakala ya zamani. Kifaru alikuwa kwenye rafu, hatua nne tu kutoka nilipokaa. Nikajiambia, aah, dakika moja, picha tu. Nikabadilisha picha, nikapandisha, nikamalizia chai yangu. Matroni alifungua tovuti, akaiona picha yake mpya, akaridhika, wala hakusoma tangazo lililokuwa chini yake.

Saa saba Mama Kanini akapanda na sufuria. "Mwikali, mama, niangalilie siku ya Kanini kwa hiyo kompyuta yako." Nikamwangalilia. "Ijumaa, saa tatu asubuhi." Akanifanya nirudie mara mbili, akaihesabu kwa vidole, akashukuru Mungu kwa sauti. Abdi hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa wauza vitambaa kupiga picha za marobota ya kanga. Angekuwepo angesema.

Ijumaa saa saba Mama Kanini alipanda bila sufuria. Tulisikia nyayo zake tukajua kuna jambo, maana hazikuwa na uzito wa siku zote. Kanini amefika chuoni saa mbili, amevaa sketi aliyoazima kwa jirani, na askari wa getini amemwambia mahojiano yalikuwa juzi. Mama Kanini hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kusema, "Mlisema Ijumaa. Si mlisema Ijumaa?" na alituuliza hivyo mara nyingi sana. Bi Nuru alivaa miwani. Akafungua tovuti: Ijumaa. Akapiga simu chuoni: walisema Jumatano tangu Jumatatu. Akachukua daftari msumarini, akapitisha kidole: wa mwisho kumshika kifaru ni Abdi, Jumatatu. "Abdi," akasema, "ulimchukua mnyama, ukaandika jina, halafu ukafanya nini?"

"Nilibadilisha, Bi Nuru. Wallahi nilibadilisha. Niliona kwa macho yangu ikiwa Jumatano."

"Basi imejirudisha yenyewe?"

Ni wakati ule ule nilipokumbuka picha ya matroni. Nilijua kila kitu kwa mkupuo mmoja, kuanzia chai hadi hatua nne, na nilichopaswa kusema kilikuwa maneno mawili tu: ni mimi. Sikuyasema. Nilikuwa ndiye mtunga sheria, ndiye askari wa mbuga, nilimsumbua kila mtu kwa ajili ya wanyama wale, na sasa niseme kwamba mimi mwenyewe nimeshindwa kunyanyuka kitini? Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Hakuna aliyeuliza picha mpya ya matroni imefikaje pale. Bi Nuru akamwambia Abdi amalizie mwezi halafu atafute kazi pengine, kwa sauti ya chini, na Abdi akasema sawa.

Wiki mbili zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote, na karibu zote nazikumbuka kwa chakula. Mama Kanini alirudi Jumatatu na sufuria yake, kwa kuwa biashara ni biashara, lakini alimruka Abdi. Alimpakulia Bi Nuru, akanipakulia mimi, akafunika sufuria na kushuka. Hakumtukana wala hakumtazama. Siku ya kwanza Abdi alinyoosha sahani akidhani amesahauliwa, akabaki ameishika hewani mpaka mama yule amefika chini ya ngazi. Kuanzia siku ya pili alijinunulia mandazi na kula akitazama dirishani. Mimi nilikula. Nieleze vipi? Nilikula chapati za mama niliyemkosesha, mbele ya kijana niliyembebesha kosa langu, na kila siku niliambiwa, "Kula mwanangu, wewe si ulisoma tu kilichoandikwa." Nilizisukuma kwa maji, na kesho yake nikala tena kwa sababu kukataa kungeulizwa.

Abdi naye hakulalama wala hakukaa bure. Nilimwona anafanya kazi fulani isiyo ya mteja yeyote. Kumbe alikuwa anajenga kitu: mfumo wa kusimamia maudhui, kama wanavyouita vitabuni, ambao wakati huo ulikuwa umeanza kuenea na unapatikana bure, lakini mtaani kwetu hakuna aliyekuwa ameugusa. Aliponieleza, nilimrukia. Tovuti itakaa mtandaoni, si kwenye kompyuta zetu. Mtu ataingia kwa jina lake na neno lake la siri, ataandika kama anavyoandika barua, atabofya, basi. Menyu itabadilishwa mara moja na kurasa zote zitafuata. Hata mwalimu wa shule anaweza kujibadilishia mwenyewe.

"Mwalimu akijibadilishia mwenyewe, sisi tutakula nini?" nilimwuliza. "Hii miaka yote nimejifunza misimbo ya nini? Unakwenda zako, unataka kutuachia msiba!"

"Sitaki kukuachia msiba, dada. Nataka Bi Nuru aone kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake sawasawa na bado ifutike. Hiyo tu."

Nilimpinga kwa Bi Nuru pia. Nilisema ni vitu vya bure na vya bure havina adabu, wezi wataingia, wateja wataandika upuuzi. Baadhi ya hayo nilikuwa nikiyaamini kweli, na mengine yalitimia. Wale wauza vitambaa walipopewa uhuru walitia maandishi mekundu yanayowakawaka hadi macho yakauma. Lakini chini ya hoja zangu zote kulikuwa na hofu moja ambayo Abdi aliitaja bila kujua anaitaja. Alisema mfumo ule unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, na nani amelifanya, na saa ngapi.

Siku nne kabla ya mwezi kuisha, saa nne asubuhi, alituita kwenye kompyuta yake. Bi Nuru alikaa katikati na miwani amevaa, dalili mbaya. Abdi alikuwa ametengeneza ukurasa wa majaribio unaofanana kabisa na ule wa chuo, na tangazo la Jumatano liko pale. Akaniundia jina langu, akaniachia kiti.

"Dada Mwikali, haribu."

"Niharibu nini?"

"Ukurasa wote. Futa. Andika unachotaka."

Nilifuta, tena kwa furaha ya kishenzi, nikaandika Ijumaa kwa herufi kubwa. Sijui kwa nini niliandika Ijumaa. Mkono ulijiendea. Abdi akaniomba kiti, akafungua orodha pembeni. Kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa na jina lake. Wa pili ulisema Mwikali, saa nne na dakika kumi na mbili. Halafu akabofya mahali, na ukurasa ukarudi wote, Jumatano, kama ulivyokuwa, bila hata nukta kupotea.

Bi Nuru alisogeza uso karibu na kioo. Chini kinyozi mmoja alikuwa anasimulia mechi. "Subhanallah," Bi Nuru akasema. "Kwa hiyo mtu akikosea..."

"Akikosea unamrudisha, Bi Nuru. Hata haichukui dakika."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mashine ya kunishika mwizi, na nilichokiona ni kosa langu likirekebishwa kwa kidole kimoja, mbele ya watu, bila mtu kufa. Machozi yalinitoka kabla ya maneno. Nikasema ni mimi. Nikasema habari ya picha, chai, nakala ya zamani, kifaru aliyebaki kwenye rafu. Niliyasema yote kwa mkupuo nikimtazama Abdi, kisha nikashindwa kumtazama. Abdi aliinuka akaenda chumba cha pili. Nilisikia anawasha birika. Alirudi na vikombe vitatu, na cha kwanza akaniwekea mimi. "Wee dada," alisema, "nilianza kuamini nina wazimu. Kila siku naenda nyumbani nikijiuliza kama kweli niliandika Jumatano au niliota." Akacheka, na mimi nikalia zaidi.

Bi Nuru hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimwambia Abdi kwamba hamna aliyefukuzwa, na kwamba yeye binafsi anamwomba radhi. Halafu alikwenda kwenye rafu, akamleta kifaru, akamweka mkononi mwangu. "Huyu ulimwacha hatua nne. Sasa utamshika. Saa saba utamwambia Mama Kanini, saa nane tunakwenda chuoni, na matroni utamweleza wewe."

Mama Kanini aliingia na sufuria, nami nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na kinyago kisicho na pembe. Nilimwambia. Alisikiliza mwiko ukiwa juu, mchuzi ukidondoka kwenye leso yake. Nilimaliza nikitamani anitandike kwa huo mwiko. Akageuka kwa Abdi. "Mwanangu, leta sahani." Akampakulia wa kwanza, polepole, kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima. Kisha Bi Nuru. Kisha akaniita, akanipakulia mwisho kabisa, akikwangua vile vya chini vilivyobaki. Nilipokea nikajua hukumu yangu ndiyo hiyo, na tangu siku hiyo hakuwahi kuibadilisha.

Chuoni matroni alimgeuza kifaru mikononi mwake, akamtazama Bi Nuru, akanitazama mimi. "Yaani siku ya mahojiano ya wanafunzi wangu inategemea huyu?" Bi Nuru alisema kwa heshima zote kwamba kuanzia mwezi ujao haitategemea. Matroni alicheka mpaka akatoa leso, kisha akaacha kucheka, akamwita askari wa getini alete kitabu chake. Yule askari, Mungu ambariki, alikuwa ameandika majina ya wote waliokuja ile Ijumaa wakarudishwa. Walikuwa watano. Matroni akawapangia siku nyingine, wiki hiyohiyo, na mimi ndiye niliyewapigia simu mmoja mmoja. Kanini aliingia chuo. Wa pili pia. Wengine watatu hawakupita, lakini walihojiwa, na hilo lilikuwa haki yao. Siku Kanini alipopata barua, mama yake alipanda ngazi akiimba, na usingizi wangu wa siku hiyo, jamani, sijawahi kulala vile tena.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule tulihamisha tovuti moja baada ya nyingine kwenye mfumo wa Abdi. Kila iliyohamia, mnyama wake alistaafu na kuwekwa kwenye dirisha. Niliyoyaogopa hayakutokea. Wateja walijibadilishia mambo yao, kisha wakapiga simu: nimesahau neno la siri, picha imelala ubavu, nimefuta ukurasa wa michango, nifanye nini? Mtu akapaswa kuwafundisha, na mwenye mdomo mkubwa nilikuwa mimi. Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Disemba ile nilichukua likizo yangu ya kwanza, nikakaa siku kumi bila kujiuliza nani ana kobe. Programu ile ya boksi sikuwahi kuifungua tena, na sikuilia. Watu hupenda kusifu kazi za zamani kwa sababu zilikuwa ngumu. Mimi nilifanya kazi kwenye chombo ambacho kosa la dakika moja lilifuta haki ya mtu na lisiache alama ya aliyelifanya, na nashukuru kilituondokea.

Jumamosi nilifika Umoja saa saba kasoro. Bi Nuru amezeeka, nyumba yake imeongezwa ghorofa mbili juu, na wale wanyama watano wamepangwa juu ya televisheni. Anafunga ofisi kwa sababu watu sasa wanajitengenezea tovuti kwenye simu wakingoja kunyolewa, na anasema hivyo bila kinyongo. Abdi amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Kanini alitokea zamu ya asubuhi hospitalini, bado amevaa viatu vyeupe. Na Mama Kanini alikuwa jikoni na sufuria ileile, au ndugu yake. Tulipoitwa, alimpakulia Abdi wa kwanza, kisha Bi Nuru, kisha Kanini, kisha majirani wawili. Nilisimama na sahani yangu. Sijui ni umri au ni furaha ya kuwaona, nikajikuta nimeuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza.

"Mama Kanini, adhabu yangu inaisha lini?"

"Adhabu gani?"

"Hii ya kunipakulia mwisho. Ni miaka mingapi sasa? Hata siku ya Kanini kumaliza chuo ulinipakulia mwisho."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mwikali! Wewe umeshakuwa mtu mzima, hujui kupika? Nyama inakaa wapi kwa sufuria?"

"Chini."

"Sasa anayepata za chini ni nani?"

Bi Nuru aliivaa miwani yake. Abdi alikuwa ameshatia chapati mdomoni. Akaitoa, akaangalia sahani yake, akakoroga kwa kidole. "Ngoja. Ngoja kwanza. Yaani mimi miaka yote hii nimekuwa nikinywa supu?"

"Wewe nilikukosea, nikakupa heshima ya kwanza," Mama Kanini alimwambia. "Huyu alisimama mbele yangu akasema mwenyewe, na hakuna aliyekuwa anajua. Mtu kama huyo unamwekea nyama."

Kila mtu alicheka, Kanini kuliko wote. Mama Kanini akakwangua sufuria mpaka ikalia, akanijazia. Nilikwenda kukaa kando ya Abdi, nikamkatia nusu, akaikubali bila aibu. Sahani ilikuwa nzito mkononi. Ilikuwa nzito siku zote.